Mukamwana Wangu Alikuwa Anatengeneza Nywele za Matanga

Haya nilielezwa na Honorine, siku ya Jumanne, wiki mbili kabla ya Pasaka.

Honorine ana salon ndogo ya nywele huku kwetu Uvira, upande wa Mulongwe, mlango wa kijani. Alikuja kununua ndagala kwangu, dagaa wa ziwa letu. Nilikuwa nampimia, naye anacheka-cheka peke yake.

"Koko," akasema, "mukamwana wako njo mwenye kichwa kizuri kuliko wateja wangu wote. Uniletee wengine kama yeye."

"Mukamwana gani?"

"Si Sidonie? Weye uko na wangapi?"

Kopo la kupimia likabaki juu, mkononi mwangu. Ndagala zikaanza kumwagika.

"Sidonie anakuja kwako kufanya nini?"

"Dredi zake, Koko. Mwaka wa tatu huu, kila mwezi. Alhamisi hii ni siku yake." Kiisha akaona sura yangu. "Ee! Nilifikiri unajua."

Sikujua.

Unaweza kusema, kuna ubaya gani mwanamke kwenda salon? Ngoja nikueleze. Nitaenda pole pole, maana nimechoka, na jambo lenyewe ni la kuchosha.

Sidonie ni mjane wa mtoto wangu Rémy. Alikuwa ndani ya matanga. Miaka mitatu chanuo halikugusa kichwa chake. Wala mkasi, wala wembe.

Hivyo ndivyo nilivyojua minye.

Kwa wengine labda haiko hivyo, ila kwa ukoo wa bwana yangu, mwanaume akikufa, mama yake na mke wake hawachani nywele wala kuzikata mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku ile wananyolewa pembeni ya maji, nywele zinazikwa kwenye mchanga, kilio kimekwisha. Toka siku ile mjane anajiamulia. Abaki, arudi kwao, aolewe tena, hakuna wa kumuuliza.

Kawaida ni siku arobaini.

Lakini Rémy hakuwa na kaburi. Alitoka asubuhi kwenda kuvuta nyavu zake, peke yake, wakati wa kiangazi, ziwa iko na hasira. Mtumbwi ukarudi bila yeye, ukapanda mchangani. Ndani yake mlikuwa kandambili moja.

Moja tu. Ya kushoto.

Wazee walipokuja kusema tuondoe matanga, nilikataa. Nikasema bila kaburi hakuna wembe. Labda yuko mji wa Baraka. Labda aliokotwa akapoteza akili, iko siku atabisha mlango. Walisema mpaka wakachoka, wakavaa kofia zao wakaenda.

Wakati ule nilikuwa silagi chakula. Nilikuwa nalala uso kwa ukuta. Sidonie ndiye alikuwa ananinywesha uji, kijiko kwa kijiko, na nusu nilikuwa nautema.

Siku moja, mwezi wa tatu hivi tangu mtumbwi urudi, nilimwambia: "Siku mtanionyesha kaburi la Rémy, mchimbe mbili. Ya pili ni yangu."

Sidonie alinipangusa kidevu, akachota kijiko kingine.

Maneno yale yalitoka tu kinywani. Minye niliyasahau. Yeye hakuyasahau.

Sasa, nywele zisizochanwa zinajifanyia kazi zenyewe. Zinaanza kushikana nyuma ya shingo, vipande vidogo. Kiisha vinakamatana, kichwa kinakuwa kama kikapu kilichokaliwa. Zangu ni chache na nyeupe, nilizifunga kitambaa nikazisahau. Za Sidonie zilikuwa nyingi kama msitu. Alikuwa anajikuna mpaka damu.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kuinuka kitandani, nikafikiri ni ukavu tu. Nikachukua mawese, ile ya kupikia sombe, majani ya muhogo, nikamimina kichwani kwake, nikasugua vizuri mpaka chini.

Nilikuwa namfanyia wema, jamani.

Siku ya tatu kichwa kilinuka kama sufuria ya jana. Vumbi yote ya barabara ilikuja kukaa pale. Mto wa kulalia ukawa mwekundu, na sisimizi wakapanda kitandani kwa mstari.

Mtoto wao Laure, wakati ule bado mdogo sana, alisimama akamwangalia mama yake, akaniuliza: "Koko, mama unamupika na nini?"

Tulicheka. Tulicheka mpaka tukashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mtumbwi urudi. Kiisha tukakumbuka, tukaona haya, kila mtu akatafuta kazi ya kufanya.

Baada ya siku ile Sidonie hakuvua tena kitambaa mbele yangu. Nilisema moyoni, ni sababu ya mawese.

Basi, Jumanne ile Honorine alipoondoka na ndagala zake, sikuuza tena. Nilifunga mapema. Nilikuwa naona kitu kimoja tu: mukamwana wangu anacheka mbele ya kioo, na mtoto wangu yuko ndani ya maji.

Jumatano nikamwita Sylvestre, mdogo wa marehemu bwana yangu. Ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Ni mtu wa kukohoa kwanza ndipo aseme.

Akakohoa.

"Shemeji, mwanamke anayepamba nywele za matanga, anampambia nani? Marehemu hana macho."

"Usimwite Rémy marehemu."

"Sawa. Rémy hayuko. Lakini iko mwanaume mahali, hiyo minye nakuapia. Jumapili nitakuja. Sidonie afunge vitu vyake arudi kwao Luvungi. Mtoto ni wetu, atabaki."

Nilimkatalia lile neno moja, marehemu. Lile lingine lote nikakubali.

Nalisema hapa bila kuficha, maana hakuna faida ya kuandika kama unaficha. Nilikubali wamtoe, na wamkatalie mtoto wake. Usiku nililala karibu na Sidonie na Laure, chumba ni kimoja tangu ziwa ipande ikakamata nyumba yetu ya chini. Laure alikuwa ameweka mguu wake juu ya tumbo langu. Sikumwonya mama yake.

Alhamisi Sidonie akaweka mihogo ndani ya beseni. "Mama, naenda kwenye mashine ya kusaga. Labda iko watu wengi, nitakawia."

"Nenda tu," nikasema.

Nikamfuata. Miguu yangu ina mwendo wake, wa kulia unaniuma, haiogopi mtu kuipita. Nilipofika mlango wa kijani, beseni la mihogo lilikuwa nje kwenye kivuli. Nikasimama nyuma ya pazia.

Sauti ya Honorine ilikuwa inagomba: "Ulilala na maji kichwani tena! Ni mara ngapi nimekuambia? Ukiosha, kaa kwa jua mpaka ndani ikauke. Ukizifunga mbichi zitanuka kama kitambaa cha kupangusa meza."

"Nitakaa kwa jua vipi? Mama ataona."

"Huyo Koko hali watu."

"Weye haumujue."

Nikafungua pazia.

Sidonie alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kichwa nyuma, juu ya beseni. Na nywele, ee Mungu wangu. Zile nilizoacha kama kikapu zilikuwa zimegawanyika moja moja, nene kama kidole changu kidogo, zinafika mabegani, zinatiririka maji. Ngozi ya kichwa ilikuwa safi kati ya mistari.

Nilikuja na hasira yangu tayari. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba zilikuwa nzuri. Hiyo ndiyo iliniumiza zaidi.

"Jina lake nani?" nikasema.

Akaruka. Maji yakamwingia machoni. "Mama!"

"Mwanaume huyo. Jina lake nani? Kichwa ya matanga weye unaipaka mafuta ya duka, mtoto wangu hana hata sanduku?"

"Hakuna mwanaume, Mama."

"Sylvestre anasema yuko."

"Sylvestre!" Honorine akaingilia, taulo begani. "Koko, sikiliza. Siku ya kwanza huyu alipokuja hapa, alinuka mpaka wateja wawili wakakumbuka wana safari. Mwanaume gani atavumilia ile? Sijui ni nani alimumwagia mawese ya kupikia kichwani!"

Sidonie akaangalia chini. Minye nikaangalia ukuta.

"Chanuo ilikataa," Honorine akaendelea. "Nikamwambia, dada, ni mkasi ao tuzitengeneze zikae hivyo. Akasema mkasi hapana, mama mukwe atajua. Siku mbili nzima nilitenganisha na vidole, kipande kwa kipande. Niliosha mara ine. Kiisha nikaviringisha moja moja kwa mikono. Sasa kila mwezi naingiza mizizi na sindano ya kroshe, basi. Huyu hataki hata mafuta ya kunukia. Anakaa hapa masaa mawili, analala, anafunga kitambaa, anaenda. Kama huo ni umalaya, ni umalaya wa kuchosha."

Hasira ikinipanda sijui kusimama. Nikamwendea Sidonie, nikakamata dredi moja nyuma ya shingo, nikavuta kama mtu anayevuta kamba ya mbuzi.

"Hizi ni za mtoto wangu! Hazikuwa zako za kuchezea!"

Hapo ndipo kidole changu kikakutana na kitu kigumu.

Ndani ya ile dredi kulikuwa na kitu. Nikaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Kati ya nywele kulikuwa na uzi wa bluu, nailoni, umezungushwa na nywele mpaka karibu usionekane. Na mafundo matatu. Mawili yamelazwa kulia, moja kushoto.

Baba yangu alikuwa anashona nyavu. Alinifundisha fundo lile nikiwa na miaka saba. Sijaona mkono mwingine unaofunga vile.

Uzi ule niliufunga minye mwenyewe kwenye mkono wa Rémy, mwaka aliopona homa ya typhoïde, akiwa kijana. Hakuwahi kuuvua. Alioa nao. Asubuhi ile alienda ziwani nao.

Nikaachia nywele.

"Sidonie. Hii imetoka wapi?"

Maji yalikuwa yanadondoka tu kutoka kichwani, tii, tii, ndani ya beseni.

"Mwambie," Honorine akasema pole pole. Yeye ndiye aliyeuviringisha mle. Alijua ni uzi, hakujua ni wa nani.

"Mama, keti kwanza."

Nikaketi.

"Mwezi wa ine wa matanga," Sidonie akaanza, "weye uko kitandani. Mama mmoja muuza samaki, wa ng'ambo, Burundi, alikuwa anauliza sokoni: nani alipoteza kijana mwenye uzi wa bluu kwa mkono? Nikakuambia naenda Luvungi, mama yangu anaumwa. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Siku tatu. Nilimsema sana aliporudi.

"Sikwenda Luvungi. Nilivuka mpaka pale Gatumba, nikapanda gari mpaka Magara. Kuna mvuvi kule, anaitwa Havyarimana. Yeye ndiye alimtoa ndani ya maji. Alimuzika vizuri, Mama. Iko msalaba, na mawe pembeni, alipanga moja moja. Uzi aliukata akauweka, akisema iko siku mtu atauliza."

Nje moto, pikipiki ya abiria, ilipita ikipiga honi. Mtu alikuwa anacheka barabarani. Nilishangaa kwamba watu wanaendelea.

"Na hukuniambia."

"Ulisema wachimbe mbili."

Ndipo nikakumbuka yale maneno ya kitandani.

"Weye haukule, Mama. Ulikuwa mifupa. Nilirudi na ule uzi nimeukamata mkononi njia yote, nasema nikifika tu nitamwambia. Nikakukuta umeomba uji mwenyewe. Mara ya kwanza. Nikasema, acha, wiki moja tena. Wiki ikawa mwezi. Na nyumba ni chumba kimoja, weye unafagia kila kona, unafua kila kikwembe. Ningeuficha wapi? Kichwa tu ndicho haukuwa unagusa tena."

"Ungesema, tungenyoa. Ungekuwa huru tangu ile siku."

"Najua."

"Ungeenda kwenu. Ungeolewa."

"Najua, Mama. Kila mwezi nilikaa kwenye kiti hiki nikafikiria ile." Akajipangusa uso na taulo. "Kiisha narudi nyumbani nakuta umekula kijiko kimoja zaidi ya jana. Nasema, acha mwezi mmoja tena."

Mnafikiri nililia? Sikulia. Machozi ya Rémy niliyatumia yote zamani. Nilibaki tu na uchovu, kama mtu aliyebeba mzigo mpaka sokoni akakuta soko limefungwa.

Na sasa nitasema lile ambalo Sidonie pia hakulijua, nililomwambia pale pale, mbele ya Honorine na chupa zake.

"Minye nilijua amekufa," nikasema. "Nilijua tangu kandambili. Mtoto wangu asingeacha kandambili moja ndani ya mtumbwi akaenda Baraka na mguu mmoja."

"Mama..."

"Ngoja. Nilikataa wembe kwa sababu yako. Tukinyoa, unaenda. Unaenda na Laure. Minye nabaki na nani? Nikasema, kama hakuna kaburi, hakuna wa kunitoka. Nilikufunga na nywele, Sidonie. Miaka mitatu. Na Jumatano nilikubali wakutoe, wakukatalie mtoto. Hiyo pia ujue."

Honorine aligeuka akaanza kupanga chupa zilizokuwa zimepangwa.

Kiisha Sidonie akasema: "Maji yamepoa. Honorine, malizia."

Basi. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Nilikaa kwenye benchi nikangoja, kiisha tukapita kwenye mashine pamoja, tukasaga mihogo, maana mihogo ilikuwa bado iko pale na watu lazima wale.

Jumapili Sylvestre akaja, kofia kichwani, amejiandaa kugomba. Nilimpa kiti, nikamweleza yote. Alikohoa mara nyingi. Kiisha akavua kofia, akaishika kwenye magoti, na machozi yakamtoka bila sauti. Alimpenda Rémy, huyo mzee. Hiyo siwezi kumnyima.

Tukashuka kwenye maji. Alininyoa yeye mwenyewe. Nywele zangu za miaka mitatu zilianguka kama pamba chafu, tukazizika kwenye mchanga. Kichwa changu kikawa chepesi mpaka shingo haikujua ifanye nini.

"Sasa mjane," Sylvestre akasema, wembe mkononi.

Sidonie akavua kitambaa. Ndipo Sylvestre akaziona. Alisahau hata kukohoa.

Sidonie aliniangalia minye, si yeye. "Mama, uzi nautoa, ni wako. Lakini hizi sitaki kukata. Zilianza na matanga, najua. Sasa ni zangu. Nimezilea."

"Haijaonekana katika ukoo huu!" Sylvestre akasema.

"Shemeji," nikamwambia, "miaka mitatu ya matanga, hiyo ilionekana wapi? Kilio kimezikwa pale, na nywele zangu. Zinatosha. Kichwa cha huyu usikiguse."

"Na Luvungi? Anaenda ao anabaki?"

"Muulize yeye. Ana kinywa."

Sidonie akasema: "Nitaenda kusalimia mama yangu, na Laure. Nitarudi. Siku nikitaka kwenda kabisa, nitasema mchana, nimesimama mlangoni. Sitatoroka mtu."

Sylvestre akafunga wembe wake.

Alienda wiki mbili. Nilihesabu kila siku, siwezi kusema sikuhesabu. Siku ya kumi na nne nikasikia Laure anaimba njiani.

Magara bado sijafika. Tunangoja mguu wangu upone, twende wote watatu. Uzi ninao mkononi.

Tangu hapo, kazi ya nywele naifanya minye, hapa nyumbani. Honorine alinifundisha, alinigomba vizuri. Usikaze sana kwenye paji la uso, nywele zitang'oka. Viringisha upande mmoja tu, usigeuze njiani. Maji kidogo, subira nyingi. Na mawese, akasema, mawese ni ya sombe.

Weye unayesoma, kama iko mtu nyumbani kwako anayefunga kitambaa kila siku mbele yako, usikimbilie kumtafutia kosa. Kaa chini umuulize, na kabla ya hapo ujiulize ni neno gani ulimwambia zamani ukalisahau. Na kama unaogopa kubaki peke yako, sema tu unaogopa. Minye nilikosa kusema neno hilo, na mtu mwingine akalibeba miaka mitatu kichwani.

Leo mchana nimemaliza safu ya nyuma. Laure alilala zamani kwenye mkeka, kinywa wazi. Sidonie amekaa chini kati ya magoti yangu, alikuwa ananieleza habari ya bei ya muhogo, kiisha maneno yakaanza kuachana.

"Mama, usivute..."

"Sivuti."

Kichwa chake kimekuwa kizito kwenye goti langu. Imebaki dredi moja, ile ya shingoni ambayo uzi ulikuwa ndani. Naiviringisha pole pole, nisimuamshe.

Amelala.